Je, Wajua? 257 na ukoo wake wa namba kubwa

Je, wajua kwamba +257, msimbo wa simu wa Burundi, ule unaopakwa rangi juu ya milango ya maduka ya Kinama, ubavuni mwa vibanda vya uniti na kwenye mabango ya mafundi, ni moja ya namba tano tu za aina yake zinazojulikana duniani? Zinaitwa namba tasa za Fermat: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita imetafutwa kwa karibu miaka 400 na haijaonekana.

Je, wajua kwamba Burundi ndiyo nchi pekee ambayo msimbo wake wa simu umo katika orodha hiyo? Hakuna nchi yenye msimbo wa 3 au 5. Wa 17 hauwezekani, kwa sababu 1 ilishachukuliwa na Marekani, Kanada na visiwa kadhaa vya Karibi. Nayo 65,537 ni ndefu mno, maana msimbo wa nchi hauzidi tarakimu tatu. Waliogawa misimbo waliipa Afrika namba zinazoanza na 2, na katika mgao huo 257 ikatuangukia sisi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na ndiyo maana napenda kila mtoto wa Kinama ajue alichopewa.

Namba hizo hutengenezwa kwa njia ambayo mwanafunzi wa ekofo, shule yetu ya msingi, anaiweza. Anza na 2, uizidishe kwa yenyewe, kisha kila jibu ulizidishe kwa lenyewe: 2, 4, 16, 256, 65,536, 4,294,967,296. Sasa ongeza 1 kwa kila moja: 3, 5, 17, 257, 65,537, 4,294,967,297. Tano za mwanzo ni tasa, yaani hakuna namba inayozigawa bila baki isipokuwa 1 na zenyewe. Hiyo ya sita, ile ya bilioni nne na ushei, ndiyo iliyowasumbua wakubwa, na nitaifikia.

Je, wajua kwamba tarakimu za 257 nazo zote ni tasa, 2, 5 na 7, na kwamba 2 ukijumlisha na 5 unapata 7?

Je, wajua kwamba 257 imo pia katika orodha fupi kuliko ile ya kwanza? Chukua namba, uizidishe kwa yenyewe mara nyingi kadiri ya ukubwa wake, kisha ongeza 1. Kwa 1 unapata 2. Kwa 2 unapata 2 × 2 + 1, yaani 5. Kwa 4 unapata 4 × 4 × 4 × 4 + 1, yaani 257. Namba tasa zinazojulikana za aina hiyo ni hizo tatu tu: 2, 5 na 257.

Sasa tazama majirani. Tanzania ni 255, Uganda 256, Burundi 257. Msimbo wa Uganda ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara nane, hauna kigawo tasa kingine. Msimbo wa Tanzania ni 3 × 5 × 17, yaani zao la namba tasa zote za Fermat zilizoitangulia ya kwetu. Ongeza 2 juu ya Tanzania, unapata Burundi. Zidisha Tanzania kwa Burundi: 255 × 257 = 65,535. Ongeza 2 tena, unapata 65,537, namba tasa ya tano ya Fermat. Au zidisha Uganda kwa Uganda na uongeze 1, utafika hapohapo.

Mtindo huo hauishii hapo. Zidisha namba zote za Fermat tangu mwanzo hadi popote upendapo, ongeza 2, na jibu litakuwa namba ya Fermat inayofuata. 3 + 2 = 5. 3 × 5 + 2 = 17. 3 × 5 × 17 + 2 = 257. Kwa hiyo ukiigawa namba yoyote kubwa ya ukoo huu kwa 257, baki ni 2 daima. Christian Goldbach aliliona jambo hili katika barua zake na Leonhard Euler karibu mwaka 1730, na kutokana nalo hujulikana kwamba hakuna namba mbili za Fermat zenye kigawo cha pamoja zaidi ya 1.

Je, wajua kwamba Pierre de Fermat mwenyewe alikuwa mtu wa sheria? Alifanya kazi ya mahakama Toulouse, Ufaransa, na hisabati aliifanya kwa mapenzi, akiwapelekea wenzake matokeo kwa barua. Karibu mwaka 1640 aliandika kwamba anaamini namba zote za mtindo huu ni tasa, hata ziendelee hadi wapi. Hakuwa na uthibitisho, na alikiri hivyo. Aliziona 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa, akaamini 4,294,967,297 nayo itakuwa hivyo hivyo.

Mwaka 1732 Euler, akiwa Saint Petersburg, alionyesha kwamba sivyo:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Aliipataje 641 bila kujaribu maelfu ya namba? Kuna kanuni, ambayo Euler aliithibitisha baadaye, inayosema kwamba kigawo tasa cha namba hiyo lazima kiwe kizidishi cha 64 kilichoongezwa 1. Namba tasa za kwanza za sura hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Mwaka 1878 Édouard Lucas aliibana kanuni zaidi: badala ya 64, weka 128. Hapo hubaki mbili tu za kujaribu mwanzoni. Ya kwanza ni 257, inayoacha baki la 2. Ya pili ni 641.

Kuna njia ya kuhakikisha kwamba 641 inaigawa namba ile bila kuandika mgawanyo mrefu, na nadhani ni kati ya vitu vizuri kabisa katika hisabati ya namba. Ifuate polepole. Kwanza, 641 ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Pili, 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sasa chukua ile 640, uizidishe kwa yenyewe hadi kipeo cha nne, kisha utoe 1. Jibu hugawanyika kwa 641, maana kipeo cha nne cha namba yoyote ukikipunguza 1 hugawanyika kwa namba hiyo iliyoongezwa 1. Kwa hiyo 5⁴ × 2²⁸ − 1 hugawanyika kwa 641. Halafu chukua 5⁴ + 2⁴, ambayo ni 641 yenyewe, uizidishe kwa 2²⁸: unapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², nayo bila shaka hugawanyika kwa 641. Toa ya kwanza kutoka ya pili. Sehemu ndefu inafutika pande zote mbili, kinachobaki ni 2³² + 1. Na hiyo ndiyo 4,294,967,297.

Je, wajua kwamba mtoto wa miaka minane aliwahi kuulizwa swali hilohilo? Zerah Colburn, mvulana wa Kimarekani aliyekuwa akionyeshwa kwa watu London mwaka 1812 kwa kipaji chake cha kukokotoa kichwani, aliulizwa kama 4,294,967,297 ina vigawo. Taarifa za wakati huo zinasema alijibu 641.

Rudi nyuma hatua mbili, kwenye 4,294,967,295. Namba hii ni zao la namba tasa zote tano za Fermat: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Vilevile ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande, kati ya idadi witiri zinazojulikana, ya poligoni sawa inayoweza kuchorwa kwa rula isiyo na alama na bikari peke yake. Poligoni za namna hiyo zenye pande witiri zinazojulikana ni 31 tu, na kila moja hupatikana kwa kuchagua baadhi ya namba zile tano na kuzizidisha.

Aliyefungua mlango huo alikuwa kijana wa miaka 18. Tarehe 30 Machi 1796 Carl Friedrich Gauss aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linachorwa kwa rula na bikari. Tangu zama za Wagiriki hakuna aliyekuwa ameongeza kitu katika orodha ya maumbo ya aina hiyo yenye pande za idadi tasa. Sanamu yake katika mji wa Braunschweig, alikozaliwa, ina nyota ya ncha 17.

Umbo lenye pande 257 lilishughulikiwa na Magnus Georg Paucker mwaka 1822, na Friedrich Julius Richelot mwaka 1832. La pande 65,537 lilimchukua Johann Gustav Hermes miaka kumi. Kazi yake, kurasa zaidi ya 200 zilizokamilika mwaka 1894, imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Göttingen.

Fikiria kulichora umbo la pande 257 kwenye uwanja wa mpira wa hapa Kinama, kwa vigingi na kamba, kila upande nusu mita. Mzunguko wake ungekuwa mita 128 na nusu, na upana wake karibu mita 41, kwa hiyo uwanja wa kawaida unatosha. Kila unapofika kwenye kona ungegeuka kwa nyuzi 1.4 tu. Nalo lingekaribia duara kiasi gani? Katikati ya kila upande, kamba ingekuwa imelikosa duara kwa milimita moja na nusu. Mtu aliyesimama kando ya uwanja angeapa kwamba ni duara.

Je, wajua kwamba ukigawa 1 kwa 257 unapata namba kubwa ya ajabu kuliko zote nilizotaja? Hapa ndipo ninapokaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu daftari na kalamu vinatosha. Anza mgawanyo: 0.003891050583657587… Tarakimu haziishi, na hazianzi kujirudia mpaka ufike ya 256. Katika mgawanyo huo baki hupita kila namba kuanzia 1 hadi 256, kila moja mara moja tu, bila kuruka hata moja, ndipo mzunguko uanze upya. Hakuna mzunguko mrefu kuliko huo unaowezekana kwa kigawanyo cha 257.

Zichukue hizo tarakimu 256 ukazifanye namba moja nzima. Inaanza 003891 na kuishia 607. Ukiondoa sifuri mbili za mbele hubaki tarakimu 254, msimbo wa Kenya. Izidishe namba hiyo kwa namba yoyote kati ya 1 na 256: tarakimu ni zilezile, kwa mpangilio uleule, zinaanzia mahali pengine tu. Ni kama watu wanaozunguka ngoma, hakuna anayetoka na hakuna anayempita mwenzake, anabadilika tu aliye mbele.

Jaribu kwa 13. Tarakimu sita za mwanzo, 003891, zinahamia mwisho, na namba sasa inaanza 050583657587. Kwa nini 13? Mfano wa fedha unaonyesha. Tuseme tontini yenye watu 257 inagawana faranga milioni moja sawasawa. Kila mtu anapata faranga 3,891, na zinabaki faranga 13. Zitazame tarakimu hizo, ndizo zilizofungua namba yetu, na lile baki la 13 ndilo linaloizungusha. Ukizidisha kwa 257 yenyewe, mzunguko unavunjika na unapata tarakimu 256 ambazo zote ni 9.

Kitu kingine: ikate namba hiyo katikati, tarakimu 128 huku na 128 kule. Nusu ya kwanza inaanza 00389105, ya pili inaanza 99610894. Jumlisha tarakimu kwa tarakimu: 0 na 9, 0 na 9, 3 na 6, 8 na 1, 9 na 0. Kila mahali ni 9, hadi mwisho. Kwa sababu hiyo tarakimu zote 256 zikijumlishwa hutoa 128 × 9, yaani 1,152.

Majirani hawana namba ndefu kiasi hicho. Moja kwa 250 ya Rwanda ni 0.004, imekwisha. Moja kwa 256 ya Uganda ni 0.00390625, nayo imekwisha. Ya Tanzania hujirudia kila tarakimu 16, ya Kenya kila tarakimu 42.

Ya Kongo, 243, hujirudia kila tarakimu 27, lakini kwa uzuri wake naiweka peke yake. Igawe 1 kwa 243 na uziandike tarakimu tatu tatu: 004, 115, 226, 337, 448, 559, 670, 781, 893, kisha 004 tena. Kila kundi linaongezeka kwa 111, isipokuwa la mwisho linaloongezeka kwa 112, kwa sababu hesabu inayofuata imepita elfu na kurudisha 1 nyuma. Richard Feynman, mwanafizikia wa Kimarekani, aliiona namba hii akicheza na mashine ya kukokotoa huko Los Alamos, kwenye mradi wa siri wa bomu la atomiki, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Akaiandika katika barua. Wakaguzi wa barua wa mradi ule wa siri wakaizuia, wakidhani huenda ni ujumbe wa mafumbo. Ikabidi aeleze kwamba yeyote atakayegawa 1 kwa 243 ataipata, kwa hiyo haina siri yoyote zaidi ya 243 yenyewe. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi huo wa bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ambayo leo msimbo wake wa simu ni 243.

Je, wajua kwamba 4,294,967,296 ndiyo idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa zamani, ule wa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta? Kila namba kati ya hizo nne huanzia 0 na kuishia 255, kwa hiyo kuna nafasi 256, na 256 × 256 × 256 × 256 hutoa jumla hiyo. Anwani ya mwisho kabisa katika orodha ni 255.255.255.255: Tanzania mara nne. Akiba kuu ya dunia ya anwani hizo iliisha Februari 2011, ndiyo maana simu nyingi za mtaani hutumia anwani moja ya pamoja, na mfumo mpya wenye anwani nyingi mno unachukua nafasi.

Na ile 65,537 inafanya kazi mfukoni mwako. Njia ya RSA ya kufunga ujumbe kwa siri, iliyobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, inahitaji namba moja iliyo wazi kwa kila mtu, na katika vyeti vingi vya usalama vya tovuti namba hiyo ni 65,537. Ilichaguliwa kwa sababu ya wepesi. Kwa lugha ya kompyuta, ya 0 na 1, inaandikwa kwa 1 mbili tu, moja kila mwisho, na katikati sifuri 15. Kompyuta huzidisha mara 17 tu na kazi imekwisha. Kwa lugha hiyohiyo, 257 ni 100000001.

Baada ya 4,294,967,297 inakuja 18,446,744,073,709,551,617. Fortuné Landry, Mfaransa, aliivunja mwaka 1880 akiwa na miaka 82: 274,177 × 67,280,421,310,721. Inayofuata, yenye tarakimu 39, ilisubiri kompyuta hadi mwaka 1970, ilipovunjwa na Michael Morrison na John Brillhart.

Tangu Euler, kila namba ya Fermat iliyopimwa baada ya 65,537 imekutwa si tasa. Ukizihesabu kwa kuipa 3 nafasi ya sifuri, 257 iko nafasi ya 3, na zile za nafasi ya 5 hadi ya 32 zimeshajulikana si tasa. Ya nafasi ya 33 haijulikani bado. Ina tarakimu 2,585,827,973, na hakuna kompyuta iliyoweza kuipima moja kwa moja. Kinachowezekana ni kuisakia kigawo, kama Euler alivyofanya, na kanuni ya Lucas inasema mahali pa kutazama: kigawo chake tasa, kama kipo, ni kizidishi cha 34,359,738,368 kilichoongezwa 1. Watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali wameziachia kompyuta zao zikijaribu namba za sura hiyo, moja baada ya nyingine.